Hofu ya Ukimwi ingali yaelekezwa pasipo na hatari

KWA zaidi ya miaka ishirini ambayo nimekaa katika meza ya uhariri, aina moja ya barua haijawahi kukoma kutufikia. Mwandishi wake aghalabu ni kijana. Hueleza kwamba alienda kwa kinyozi, mashine ikamkwaruza kisogoni, damu ikatoka kidogo, na tangu siku hiyo hapati usingizi. Mwingine alikunywa chai katika kikombe cha shangazi yake anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi. Wa tatu aliumwa na mbu akiwa wodini alikoenda kumjulia hali mgonjwa. Wote huuliza swali moja: je, nimeambukizwa?

Linaloshangaza katika barua hizo si swali lenyewe, bali lile lisiloulizwa. Ni nadra mno mwandishi kumtaja mpenzi wake, na ni nadra zaidi aeleze iwapo yeye na mpenzi huyo wamewahi kupimwa. Hofu yake yote ameimaliza kwa kinyozi. Hakubakisha hata chembe ya kwenda nayo nyumbani.

Kisa cha kwanza cha Ukimwi kiliripotiwa humu nchini mnamo 1984. Novemba 1999, Rais Daniel arap Moi aliutangaza ugonjwa huo kuwa janga la kitaifa. Tangu hapo tumepata mabango, semina, vituo vya kupima kila tarafa na somo la Ukimwi shuleni. Iweje basi kikombe kiendelee kuogopwa kuliko kitanda?

Tuanze na jinsi virusi vyenyewe vinavyosafiri. Ili mtu aambukizwe, mambo matatu sharti yakutane: pawepo majimaji ya mwili yanayobeba virusi, virusi hivyo viwe vingi vya kutosha na vingali hai, kisha vipate mlango wa kuingilia katika mwili wa mtu mwingine. Majimaji yenyewe yanajulikana na si mengi. Ni damu, shahawa na ute unaoitangulia, majimaji ya ukeni na ya njia ya haja kubwa, pamoja na maziwa ya mama. Mate, jasho, machozi na mkojo havimo katika orodha hiyo. Aidha, virusi hivi ni dhaifu mno vikiwa nje ya mwili. Damu inapokauka, navyo hupoteza uwezo wa kuambukiza. Kikombe cha shangazi hakitimizi hata sharti moja kati ya hayo matatu.

Dhana ya mbu inastahili kujibiwa kwa heshima kidogo, maana haikuzuka kwa ujinga mtupu. Aliyeishi kando ya Ziwa Victoria katika miaka ya tisini aliona malaria na Ukimwi zikiwaangamiza watu wa nyumba zile zile. Hata katika utafiti wa kitaifa wa KENPHIA wa mwaka 2018, Homa Bay iliongoza kwa kuwa na asilimia 19.6 ya watu wazima wanaoishi na virusi, ikifuatwa na Kisumu kwa asilimia 17.5, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 4.9. Hizo ni kaunti za malaria vilevile. Mtu mwenye akili timamu akiyaona mambo mawili yakiandamana hivyo, atashuku kwamba moja linamleta mwenziwe.

Lakini mbu hachagui umri. Humuuma mtoto wa miaka minane kama anavyomuuma mama yake, na pengine zaidi, kwa kuwa mtoto hujifunua usiku. Lau mbu angekuwa mjumbe wa virusi hivi, shule za msingi za Homa Bay zingalijaa wagonjwa wa umri wa miaka sita hadi kumi na miwili. Hazikujaa. Virusi viliwapata watoto wachanga kutoka kwa mama zao, vikawapata vijana na watu wazima walioanza kushiriki ngono, vikawaruka wengi wa katikati. Hakuna mdudu aumaye kwa mpangilio kama huo. Sayansi nayo inaeleza sababu: mbu anapouma hutema mate yake, wala hatemi damu ya mtu aliyemtangulia, na virusi vinavyoingia tumboni mwake humeng'enywa pamoja na damu hiyo.

Kilichoifanya kanda ya ziwa iumie zaidi kilikuwa kingine kabisa. Wanaume wengi huko hawakuwa wametahiriwa, na Desemba 2006 majaribio yaliyofanywa Kisumu na Rakai, Uganda, yalisitishwa kabla ya wakati baada ya kudhihirika kwamba tohara hupunguza kwa takriban nusu uwezekano wa mwanamume kuambukizwa na mwanamke. Kulikuwa pia na ile biashara ya ufuoni inayoitwa jaboya, ambapo mwanamke hupata samaki wa kuuza kwa kulala na mvuvi. Kumlaumu mbu kulikuwa rahisi kuliko kuyazungumzia hayo mbele ya wakwe.

Kinyozi naye tumpe haki yake. Mashine inayokwaruza ngozi si wembe unaotoka mkononi mwa mtu mmoja ukiwa umelowa damu mbichi na kumkata mwingine papo hapo. Hatari ya Ukimwi kwa mteja wa kawaida ni ndogo kiasi cha kubaki katika nadharia. Kama kuna ugonjwa wa kumfanya kinyozi asafishe vyombo vyake kwa bidii, ni homa ya ini aina ya B, ambayo virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili hata siku saba. Ajabu ni kwamba sijawahi kupokea barua inayouliza kuhusu huo.

Sasa tutazame hatari za kweli. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kimekadiria uwezekano wa maambukizi kwa kila tukio iwapo mwenye virusi hatumii dawa wala kondomu haipo. Katika kila mara 10,000 ambapo mgonjwa amewekewa damu yenye virusi, maambukizi hutokea mara 9,250. Kwa wanaojidunga dawa za kulevya kwa sindano moja, ni mara 63. Mhudumu wa afya akijichoma kwa sindano iliyomtoka mgonjwa, ni 23. Katika ngono ya njia ya haja kubwa, anayeingiliwa huambukizwa mara 138. Mwanamke anayelala na mwanamume mwenye virusi huambukizwa mara 8, na mwanamume anayelala na mwanamke mwenye virusi mara 4.

Hapa ndipo watu wengi, hata waliosoma, hujikwaa. Nane kati ya elfu kumi! Kijana atatabasamu na kusema kumbe tumekuwa tukitishwa bure. Lakini ndoa si usiku mmoja. Wanandoa wanaokutana mara mbili kwa wiki hutimiza takriban mara 1,000 katika miaka kumi, na ukipiga hesabu kwa kiwango hicho hicho cha nane kwa elfu kumi, uwezekano wa mke kuwa ameambukizwa kufikia mwisho wa muda huo unapita nusu. Isitoshe, nane ni wastani tu. Katika majuma ya kwanza baada ya mtu kuambukizwa, virusi hufurika katika damu yake ilhali yeye mwenyewe hana habari, na huenda hata kipimo bado hakijaweza kuvigundua. Magonjwa mengine ya zinaa, hasa yenye vidonda, huupanua mlango zaidi.

Utafiti kuhusu njia za maambukizi nchini uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kwamba asilimia 44 ya maambukizi mapya yalitokea miongoni mwa watu walio katika ndoa au uhusiano wa kudumu. Wafanyakazi wa ngono na wateja wao, ambao mahubiri yetu mengi huwaelekea, walikuwa asilimia 14. Vituo vya afya vilichangia asilimia 2.5. Mbu, kinyozi na kikombe hawakutengewa hata nukta.

Hata hiyo asilimia ya vituo vya afya ina historia inayofaa kukumbukwa, maana si kila hofu ya zamani ilikuwa ya kuwazia. Mwaka 1994, uchunguzi katika hospitali sita nchini ulionyesha kwamba takriban asilimia 2 ya damu waliyoongezwa wagonjwa iliwaambukiza virusi. Aliyeogopa damu ya hospitali enzi hizo aliogopa jambo la kweli. Ilichukua bomu la Agosti 1998 jijini Nairobi, na maelfu ya majeruhi, ndipo huduma ya kitaifa ya damu ikajengwa na upimaji ukaimarishwa. Hofu ile ilikuwa na mahali pa kuelekea, na ilizaa kazi.

Hofu isiyo na mahali pa kuelekea huzaa dhuluma. Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki iliwafungulia watoto wote milango ya shule za msingi bila karo. Mwaka huo huo, makao ya watoto ya Nyumbani jijini Nairobi, yaliyoanzishwa na Padre Angelo D'Agostino mwaka 1992, yalilazimika kwenda mahakamani kwa sababu shule za umma zilikuwa zikiwakataa watoto wake wenye virusi. Mapema mwaka 2004 serikali ilikubali waandikishwe. Ni hatari gani waliyokuwa wakiibeba watoto hao hadi kwenye dawati? Hakuna hata mmoja aliyeweza kuitaja. Lakini kiti kilibaki kitupu hadi wakili alipoingia kati.

Sheria nayo iliwahi kuingia katika mtego huo. Kifungu cha 24 cha sheria ya kuzuia na kudhibiti HIV na Ukimwi ya mwaka 2006 kilimfanya mhalifu mtu anayejua ana virusi, kisha akamweka mwingine katika hatari ya kuambukizwa. Kwa sikio la kwanza yaonekana ni haki tupu. Mwenye shaka atazame alivyopata afueni yule ambaye hajawahi kupimwa: huyo hakuwa na kosa, maana hakujua. Kadiri ulivyojitahidi kujua hali yako, ndivyo ulivyokaribia jela. Machi 2015 Mahakama Kuu ilikitupilia mbali kifungu hicho ikisema hakieleweki vyema na kinakiuka katiba.

Kujua ndiko hasa kunakotenganisha hatari na usalama leo, kuliko ilivyokuwa wakati wowote. Mwaka 2011 utafiti wa kimataifa ambao Kisumu ilishiriki ulionyesha kwamba matibabu ya mapema hupunguza maambukizi kwa mwenzi kwa asilimia 96. Baadaye, utafiti wa Ulaya uliotolewa mwaka 2016 uliwafuata wapenzi ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, wakashiriki ngono bila kondomu zaidi ya mara 58,000. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzi wake ambaye virusi vyake vilikuwa vimedhibitiwa. Shangazi anayemeza vidonge vyake kila siku na kupimwa kiwango cha virusi kikakosa kuonekana hamwambukizi hata mumewe, sembuse mpwa anayekunywa chai.

Anayepaswa kutukosesha usingizi ni asiyejua. Katika KENPHIA ya 2018, takriban mtu mmoja kati ya watano wenye virusi hakuwa na habari. Wengi hupimwa kwa niaba: mke amepimwa kliniki alipokuwa mjamzito akapatikana hana virusi, basi mume hujihesabu naye salama. Kumbe inawezekana kabisa mmoja awe navyo na mwingine asiwe navyo kwa miaka, na hali hiyo si uchawi wala kosa la mashine.

Yafaa nikiri sehemu yetu sisi wa magazeti. Kwa miaka mingi kalamu yangu ilipitisha maneno "gonjwa hatari" bila kusita, kila mara neno Ukimwi lilipotokea, kana kwamba ni jina lake la ubatizo. Halikumweleza msomaji hatari iko wapi. Lilimwachia kitetemeshi tu, naye akaenda kutafuta mwenyewe cha kuogopa: kijiko, choo, mkono wa maiti matangani. Kina mama wangapi waliacha kunyonyesha kwa hofu tuliyoichochea, wakawapa watoto maziwa ya kopo yaliyochanganywa na maji ya mto? Mama anayetumia dawa vyema hushauriwa amnyonyeshe mtoto wake pasipo kumpa kitu kingine kwa miezi sita, kwa kuwa kuhara ni hatari iliyo karibu zaidi.

Na hatari ya kweli huweza kurudi kwa mlango tusioutazama. Januari 2025, Marekani iliposimamisha msaada wake wa kigeni, baadhi ya kliniki humu nchini zilifunga na wahudumu wakatumwa nyumbani. Mgonjwa akikosa dawa kwa majuma kadhaa, virusi vilivyokuwa vimelala huamka, na ule usalama wa mwenzi wake huyeyuka kimyakimya. Sikuona umati ukiandamana kwa ajili hiyo.

Kijana wa kinyozi nilimjibu kwa barua fupi. Nilimwambia kovu la kisogoni alisahau. Nikamuuliza mara ya mwisho alilala na nani bila kondomu na ni lini. Kama ni ndani ya saa 72, aende hospitali siku hiyo hiyo aulizie dawa za kuzuia maambukizi, ambazo humezwa kwa siku 28. Kama muda huo umepita, apimwe, kisha arudie baada ya miezi mitatu, na aende na mwenzake.