Akogo Haimo Kwenye Folda ya Kalimba

Mpiga gitaa mmoja wa Busia aliniambia juzi kwamba prodyuza anayetumia priseti, zile sauti zinazokuja zimepangwa tayari ndani ya programu, ni sawa na mtu anayenunua chapati hotelini halafu akajisifu kuwa amezipika. Nafanya kazi ya studio hapa Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, na maneno hayo nayasikia kila mara, pamoja na mengine matatu ya wale wanaozipenda priseti kupita kiasi. Yote manne yanatuharibia muziki.

Nianze na la chapati. Mpiga gitaa huyo hakuchonga gitaa lake. Alikwenda dukani, akajaribu kadhaa, akachukua lililokubaliana na mikono yake. Priseti nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1985 mwimbaji Wayne Smith wa Jamaika alitoa "Under Mi Sleng Teng", wimbo ulioiingiza reggae katika zama za dijitali. Mdundo wake ulitoka kiwandani, ndani ya kibodi ndogo ya Casio MT-40, kazi ya Hiroko Okuda, mwanamuziki kijana aliyeajiriwa na kampuni hiyo. Yeyote mwenye kibodi ile angeweza kubonyeza kitufe hicho hicho. Smith na rafiki yake Noel Davey ndio waliosikia wimbo ndani yake, na prodyuza King Jammy akaupunguza kasi hadi ukakaa. Kuchagua na kurekebisha ni kazi, tena ngumu.

La pili, kwamba mwenye priseti nyingi ndiye mwenye muziki mkubwa, halinichukui muda. Flashi zinavuka mpaka hapa kila siku, hii ina elfu tano, ile elfu kumi. Ukiipa kila sauti sekunde 10, hizo elfu kumi zitakula zaidi ya saa 27, na sikio huchoka mapema sana kabla ya hapo. Mimi nikitafuta besi, kwanza naiimba kwa mdomo nijue kama naitaka fupi au ndefu, nzito au kavu, ndipo nafungua folda. Nasikiliza kama kumi na tano, naweka alama kwenye mbili, naendelea na wimbo.

La tatu limepoteza wengi, nami nimo: eti sauti ikivutia peke yake, itavutia ndani ya wimbo. Watengenezaji wanataka priseti ikushtue ukiigusa mara ya kwanza, kwa hiyo huipa mwangwi mwingi, huitandaza kushoto na kulia, huipandisha juu. Sikio nalo hudhani chenye sauti kubwa ndicho kizuri. Fletcher na Munson, watafiti wa Maabara za Bell kule Marekani, walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa chini sikio hupokea besi kwa udhaifu, na ikipanda besi hujaa. Basi sawazisha viwango kabla ya kulinganisha, punguza mwangwi, na ujaribu priseti huku ngoma na mwimbaji wakiendelea. Hapa Malaba kuna la ziada. Malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala hupanga foleni barabarani, na ngurumo za injini hupenya ukutani hata ukibandika trei za mayai chumba kizima. Niliwahi kuchagua besi mchana, foleni ikiwa ndefu, nikawa naiongeza mpaka nikaisikia vizuri. Usiku barabara ilipotulia, besi ile ile ilikuwa inammeza mwimbaji. Siku hizi besi naichagua usiku, asubuhi naijaribu kwenye spika ya simu.

Linaloniuma hasa ni la nne, linalohusu akogo, ala ya Wateso wa hapa mpakani yenye ndimi za chuma, ndugu ya kalimba: "Ya nini kumwita mzee wa akogo studio, na kalimba imo kwenye programu?" Imo, ni kweli. Katika General MIDI, orodha sanifu ya sauti 128 za kibodi na programu iliyotolewa mwaka 1991, kalimba ni namba 109. Lakini jina hilo lilienezwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey, aliyeanza kutengeneza na kuuza kalimba zake Afrika Kusini miaka ya 1950, akazipanga kwa noti saba za do-re-mi. Akogo ya Wateso hupigwa kwa noti tano, na mpigaji huzipanga kwa sikio lake, akisukuma au kuvuta ndimi za chuma mpaka aridhike.

Mzee mmoja wa Amukura alikuja na ya kwake, ndimi zake zimefuliwa kutokana na spoki za baiskeli, jambo linalofaa katika mpaka uliotupa neno bodaboda. Nilipima noti zake kwa programu. Umbali kati ya noti hupimwa kwa senti: kwenye kinanda, kutoka kitufe kimoja hadi kinachofuata, vyeusi vikihesabiwa, ni senti 100. Noti yake ya tatu iliangukia karibu katikati ya vitufe viwili. Nikampigia kalimba ya programu. Akatikisa kichwa.

"Hiyo imenyooka sana, kijana wangu. Na haivumi."

Akanionyesha vipete vya waya alivyovivisha kwenye ndimi. Akigusa ulimi, kipete kinatetemeka na kutoa mvumo kama wa nyuki ndani ya mzinga. Alivivua vyote akapiga tena, na ilikuwa kama amevua nguo.

Sikuitupa priseti. Niliufuta mwangwi wake, nikazihamisha noti tano moja moja kwa senti nilizopima, nikarekodi mvumo wa vipete na kuulaza chini yake. Mzee alivaa hedifoni, akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akaichukua akogo yake na kuanza kuijibu. Tulirekodi hivyo, yeye mbele, ya programu ikishika chini. Priseti hiyo niliyoirekebisha nimeihifadhi katika folda yake yenyewe, kwa jina la akogo, na kila nikitaka kuitumia nampigia mzee simu kwanza, nijue kama ana nafasi ya kuja.