Tutembee, Lakini Tupitie Wapi?

Siku hizi kutembea kumekuwa sanaa. Unaalikwa: njoo tutembee ufuoni kimyakimya, tuhisi mchanga, halafu tuandike. Mimi sina ugomvi na hilo. Kinachonikera ni kwamba hakuna anayeuliza huko ufuoni tutafika kwa kupitia wapi.

Chuoni, kabla sijaacha, tuliambiwa sanaa hii ilianza 1967, pale Mwingereza Richard Long alipokwenda na kurudi kwenye uwanja wa nyasi mpaka zikalala mstari, akaupiga picha. Kazi nzuri, sikatai. Ila kwao Uingereza tangu 1949 kulikuwa na sheria inayotaka vijia vya umma viandikwe kwenye ramani. Sisi tumebeba picha, sheria tumeiacha hukohuko.

Na eti ilianza 1967! Mekatilili wa Menza alizunguka kijiji hadi kijiji akicheza kifudu, akiwahimiza Wagiriama wakatae kodi na kazi za kulazimishwa. Mwaka 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, magharibi kabisa mwa nchi. Wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Hayo tunayaita historia, na Malindi tumemjengea sanamu. Ngoma ipo, mwili upo, ardhi ipo, umati upo. Kimekosekana nini ndipo iitwe sanaa?

Ukitaka ya leo, nenda Watamu au Mayungu siku za bamvua, maji yakiwa yametoka kabisa. Tazama wanaoshuka mwambani kutafuta pweza. Mguu unapapasa kabla ya kukanyaga, maana kuna miiba ya urumba. Jicho linasaka tundu lililozungukwa na makombe, kwa kuwa pweza hula ndani na taka hutupa mlangoni. Wakati huohuo unajua maji yataanza kurudi saa ngapi na yataingilia mkondo gani. Ukizubaa, unarudi nyumbani ukiogelea. Warsha ya siku mbili haikufundishi hivyo.

Sasa hawa wanashukia wapi? Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi yote kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Haya. Lakini sehemu nyingi, kati ya barabara na mchanga pana ukuta, geti, na askari anayekuuliza, "Unaenda kwa nani?" Kijia walichopita bibi zetu kimekuwa bustani ya mtu. Mama karanga anazunguka mbali na ndoo yake kichwani, na samaki hangoji.

Kwa hiyo msanii mwenzangu, ukija na daftari lako, shuka na mama karanga kwa njia yake. Ukifika ukutani usiupige picha ya maonyesho. Andika nambari ya ploti, nenda ofisi ya ardhi ya kaunti, uitishe ramani inayoonyesha njia ya umma ilikopita.