Tazameni mikono ya viongozi

Majuzi tuliingia katika duka moja la saa hapa Sandton, Johannesburg. Hatukwenda kununua, maana mwandishi aliye uhamishoni hununua unga kwanza. Muuzaji, aliyevaa glovu, akatuvisha saa ya dhahabu kutoka Uswisi.

Tukiri: ni kazi ya kustahili heshima. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Haina betri. Ndani kuna utepe wa chuma unaojazwa kwa ufunguo au kwa mtikisiko wa mkono, na gurudumu dogo linalokwenda na kurudi, mapigo 28,800 kwa saa moja, yaani manane kila sekunde. Ukiigeuza unaiona mashine yote kupitia kioo cha nyuma. Bei yake ni ya gari jipya.

Lakini je, inasema saa kwa usahihi zaidi? Hapana. Saa ya Uswisi yenye cheti cha COSC inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Saa ya kawaida ya betri, aina ambayo Seiko ilianza kuiuza Japani mwaka 1969, hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi. Basi anayenunua ile ya dhahabu hanunui majira. Ananunua kuonekana.

Mfanyabiashara aliyetoka jasho na kulipa kodi avae, hatuna ugomvi naye. Ugomvi wetu ni na mtumishi wa umma ambaye saa yake haiendani na mshahara wake. Hapa Johannesburg wenye saa hizi huzificha chini ya shati kwa kuogopa majambazi wanaoitwa genge la Rolex, wanaowafuata watu kutoka uwanja wa ndege. Kwetu viongozi huzionyesha hadharani, maana wao hawamwogopi mtu.

Siku hizo zinakwisha. Kenya, Juni 2024, vijana waliopinga Muswada wa Fedha waliwahesabia wanasiasa saa na viatu vyao. Peru, Machi 2024, waandishi wa La Encerrona walipitia picha za Rais Dina Boluarte wakaona Rolex mkononi mwake. Polisi wakavunja mlango wa nyumba yake kuzitafuta. Baadaye akasema aliazimwa na gavana mmoja.

Afrika Kusini ina rushwa yake, lakini daftari la maslahi ya wabunge, pamoja na zawadi wanazopokea, huchapishwa na raia husoma. Tanzania tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma tangu 1995. Viongozi hujaza fomu za mali, lakini fomu hizo hazichapishwi. Mwananchi anazilipia asizozisoma.

Zichapishwe. Na hadi siku hiyo, tunawaomba wahariri wenzetu nyumbani: msitupe picha za mikutano. Zikuzeni, tazameni mkono, ulizeni bei, linganisheni na mshahara. Aliyeipata kwa haki hatapata tabu kujibu.