Katuni za Wasovieti zilimchora kila mtu, isipokuwa bosi



Wikiendi hii badala ya mpira nimeangalia katuni. Msicheke. Ni zile za propaganda za Umoja wa Kisovieti, zipo kibao mtandaoni na nyingi hazizidi dakika ishirini. Nasema wazi: kwa kumchora mnyonyaji, jamaa walikuwa mafundi. Sisi bado sana.

Chukua Midoli ya Kisovieti ya Dziga Vertov, 1924. Haina sauti, haina rangi. Bepari mwenye kitambi anakula, anakunywa, anakula tena. Mfanyakazi na mkulima wanaungana, na mwisho bepari na makasisi wananing'inizwa kwenye mti ambao ni askari wa Jeshi Jekundu waliopandana. Ukatili, sikatai. Lakini nchi ile ilikuwa na mamilioni ya watu wasiojua kusoma, na wote wangeelewa. Hotuba ya saa mbili haifiki hapo. (Viongozi mnaopita hapa, nimenyamaza.)

Halafu kuna Tir, ya Vladimir Tarasov, 1979. Kijana wa Marekani hana kazi, anazunguka mji mzima, mwisho anapata ajira kwenye banda la kulenga shabaha. Kazi yake? Kuwa shabaha. Wenye hela wanalipa kumpiga risasi, yeye anakwepa. Nani kati yetu aliyemaliza chuo hajawahi kuwa yule kijana? Hiyo ndiyo nguvu yao: walichukua kitu cha kweli, wakakikuza mpaka kikakuchoma.

Tatizo ni kwamba kalamu ilielekea upande mmoja tu. Mwaka 1963 walitoa Mister Twister: tajiri wa Kimarekani anafika Leningrad, anaona mtu mweusi hotelini, anagoma kulala hapo. Anaaibishwa vizuri kabisa, na mimi nilicheka. Sasa sikilizeni. Desemba ya mwaka huohuo, mwanafunzi wa udaktari kutoka Ghana alikutwa amekufa nje kidogo ya Moscow. Wenzake waliamini ameuawa, serikali ikakataa. Mamia ya wanafunzi wa Kiafrika waliandamana mpaka Uwanja Mwekundu, wakiufananisha mji ule na Alabama. Hiyo hawakuichora. Nyani haoni kundule.

Na aliyejaribu? Mwaka 1968 Andrei Khrzhanovsky alitengeneza Kinanda cha Kioo. Mji umejaa uroho, watu wamegeuka kama wanyama, na anakuja mpiga muziki anayewakumbusha utu. Bwana mmoja mwenye kofia nyeusi anamkamata. Mwanzoni kabisa yamewekwa maandishi kwamba haya yanahusu jamii za kibepari, wala si hapa kwetu. Ikapigwa marufuku hata hivyo! Fikirini kidogo. Umeambiwa kabisa kwamba huyu katili ni wa kule ng'ambo, halafu wewe ndiye unayekasirika. Ulijiona kwenye kioo, ndugu. Mimi naona marufuku ile ilieleza utawala ule kuliko katuni zote nilizotaja hapa.

Ndiyo maana nikianza kusikia kwamba zile zilikuwa uongo mtupu, nakataa. Ubaguzi wa Marekani ulikuwa kweli. Ukosefu wa ajira ulikuwa kweli. Mtu anaweza kukwambia kweli tupu kuhusu jirani miaka sitini mfululizo ili usimuulize habari za nyumbani kwake.

Sasa sisi. Katuni za chawa na vigogo wa upande ule nazipenda, na nitaendelea kuzisambaza. Ila mwezi uliopita kijana mmoja wa tawi letu alichora kiti cha kiongozi wetu mmoja kimeota mizizi sakafuni. Alitolewa kwenye kundi la WhatsApp ndani ya dakika kumi. Aliambiwa anatumiwa. Nilikuwa mtandaoni, niliona kila kitu, na sikuandika neno.

Mchoro bado ninao kwenye simu. Leo saa mbili usiku naurudisha kundini kwa jina langu.