Barua ya Wazi kwa Baraza la Habari Tanzania: Udaku Nao Una Maadili Yake



Ustaa wa Bongo haujengwi na wimbo au filamu peke yake. Tangu magazeti kama Ijumaa na Risasi yashike soko, mwandishi wa udaku amekuwa na sauti kubwa katika kuamua nani anawika na nani amechuja. Asiyeandikwa huhesabiwa amepotea, hata kama studio anaingia kila siku. Ndiyo maana baadhi ya mastaa wanaolalamika kuchafuliwa huvujisha mambo yao wenyewe wimbo mpya unapokaribia kutoka. Huko ndiko kutafuta kiki.

Kanuni inayopuuzwa zaidi katika kazi hii ni ya kumsikiliza anayetuhumiwa. Habari hubebwa na "chanzo makini" kisicho na jina, kisha mwishoni hubandikwa sentensi moja: simu ya mhusika iliita bila kupokelewa. Ilipigwa mara ngapi na saa ngapi, haisemwi.

Hata hivyo, udaku wenye mhariri si uropokaji. Machi 2017, Shilawadu, kipindi cha udaku cha Clouds TV, kilikuwa na mkanda wa tuhuma dhidi ya mchungaji maarufu na hakikuurusha. Uongozi wa kituo ulieleza kuwa stori haikuwa imebalansiwa. Usiku wa Machi 17, Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, aliingia kituoni na askari wenye silaha. Kamati iliyoundwa na Waziri wa Habari, Nape Nnauye, ilibaini kuwa alishinikiza mkanda urushwe. Nape aliondolewa uwaziri Machi 23, siku moja baada ya kupokea ripoti. Watu wanaodharauliwa kuwa ni wambea ndio waliokuwa wameishika kanuni.

Leo umbea mwingi umehamia Instagram, kwenye kurasa zisizo na mhariri wala anwani, na Kamati ya Maadili ya Baraza haina wa kumwita. Kwa magazeti na vituo, bado inaweza kuita. Kinachoombwa ni mwongozo mahususi wa udaku: mwandishi aeleze alivyomtafuta mhusika, kiki iliyolipiwa itajwe kuwa tangazo, na watoto wa mastaa, ambao hawakuomba umaarufu, wasitolewe picha wala majina wazazi wao wanapogombana.