Kilo Nne za Mwanamke Mfupi

Mkoa wa Songwe una wataalamu wa lishe kila kona. Wapo saluni, wapo kwenye hiace ya Vwawa, wapo msibani wakisubiri wali, na wote wana dawa moja: punguza kula. Mwanamke akinenepa, basi amekula. Asipopungua, basi anakula kwa kificho. Akiwa mfupi ndiyo kabisa, maana kilo mbili tu zikiongezeka gauni linamsaliti. Akijitetea kwamba daktari amemkuta na tatizo la tezi ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, mawifi wanatazamana na kubana vicheko. Siku hizi, wanasema, kila mlafi ana tezi.

Imani hii ni ya uongo, na kwa mwanamke mfupi ambaye tezi yake imelegea ina madhara. Sikatai kwamba chakula kinanenepesha. Ninachokataa ni kwamba anayeteseka kupungua hajajinyima vya kutosha, na kwamba akizidi kujinyima mwili utasalimu amri. Wanaosema hivyo hawajapiga hesabu, nami nitawapigia.

Mchukueni mwanamke wa miaka 35, urefu sentimita 150, uzito kilo 60. Tunduma wamejaa wa umbo hilo: huyu anabadilisha kwacha, yule anauza vitenge, mwingine anapikia madereva wa malori waliokwama kwenye foleni ya kuingia Nakonde, upande wa Zambia. Kwa kanuni wanayoitumia wataalamu wa lishe duniani kote, mwili wake ukiwa umejilaza tu, moyo ukidunda na mapafu yakipumua, unatumia kalori kama 1,200 kwa siku. Ongeza kukaa dukani, kupika na kwenda sokoni, unafika 1,600 na kidogo. Mumewe mwenye sentimita 175 na kilo 80 anakaribia 2,400 bila hata kubeba gunia. Wote wawili wanakula ugali wa sufuria moja.

Robo kilo ya unga wa mahindi ina kalori kama 900. Kijiko kikubwa cha mafuta kina 120, na soda moja ya kawaida hukaribia 150. Mwanamume anaweza kuteleza hapo na mwili usihisi. Mwanamke huyu akipakuliwa sawa na mumewe, akashushia na soda, siku yake imekwisha kabla ya saa nane mchana. Hiyo si tabia mbaya wala ulafi. Ni mwili mdogo kwenye meza iliyopangwa kwa mwili mkubwa.

Na ufupi wenyewe si mara zote urithi wa ukoo. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu asilimia 32 ya watoto wa Songwe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na huu ni mkoa unaolisha wengine mahindi. Baadhi ya wanawake wanaochekwa leo kwa unene walinyimwa lishe bora walipokuwa wadogo. Walikosa maharage, mayai na maziwa wakati mifupa inarefuka, sasa wanaambiwa wakose tena.

Turudi kwenye hesabu, maana hapo ndipo wauzaji wa miujiza wanapoumbuka. Utasikia tangazo la kipaza sauti au ujumbe wa WhatsApp: pungua kilo kumi kwa mwezi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori kama 7,700. Kilo kumi ni 77,000. Ukizigawa kwa siku thelathini, huyu dada anatakiwa kupoteza zaidi ya kalori 2,500 kila siku, wakati mwili wake mzima unatumia 1,600. Hata akinywa maji matupu mwezi mzima hafiki. Kinachopungua kwenye mizani ya wajanja hao ni maji, choo na misuli. Nyingi ya chai hizo za kupunguza tumbo zina sena, majani ya kuharisha. Mteja anakwenda msalani mara tano, anapanda mizani, anashangilia. Akinywa maji, kilo zinarudi, na muuzaji anamwambia alivunja masharti.

Wapo wasionunua chai. Hao wanajinyima wenyewe: uji asubuhi, parachichi nusu jioni, basi. Wanajua wanachokifanya, wanasema, maana mwenzao alifanya akapungua. Hilo lilishajaribiwa: kuanzia mwishoni mwa mwaka 1944 Marekani, mtafiti Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua wanaume 36 wenye afya waliojitolea, akawalisha takriban kalori 1,570 kwa siku kwa majuma 24. Walipungua robo ya uzito wao, kweli. Lakini matumizi ya nguvu ya miili yao ikiwa imepumzika yalishuka kwa karibu asilimia 40. Walihisi baridi hata kiangazi, walichoka, waliwaza chakula usiku na mchana, na kilichofuata walipoachiwa kula kilikuwa ni kula bila kushiba. Hao walikuwa wanaume wenye tezi nzima.

Tezi ndiyo inayopanga mwili utumie nguvu kiasi gani. Inatoa homoni ambayo lazima igeuzwe, hasa kwenye ini, kuwa ile inayofanya kazi yenyewe. Mtu akijinyima sana, mwili unapunguza kugeuza. Ni kama fundi anayeshusha utambi wa kandili mafuta yanapokaribia kuisha: hakosei, anaokoa. Sasa mwanamke ambaye tezi yake tayari haitoi homoni ya kutosha, ukimwambia afe njaa ili aamke mwepesi, unamwambia ashushe utambi uliokwisha kushuka. Atahisi baridi ya Mbozi hadi kwenye mifupa, choo kitakuwa kigumu, ngozi itakauka, nywele zitakatika, hedhi itamwagika kwa wingi, na usingizi utamkamata dukani saa nne asubuhi. Jirani ataita uvivu.

Wala msiniambie thairoidi ni ugonjwa wa wenye bima wa Dar es Salaam. Nyanda zetu za juu kusini zilijulikana kwa rovu vizazi na vizazi, kwa sababu udongo wa milimani una upungufu wa madini joto, na bila madini hayo tezi haiwezi kutengeneza homoni yake, inavimba ikihangaika. Chumvi tulikuwa nayo, tena ya kwetu. Ivuna, huko Momba karibu na Ziwa Rukwa, watu wamechemsha chumvi kwa karne nyingi; wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimbua mabaki ya kazi hiyo miaka ya 1960. Lakini chumvi ya kuchemshwa kienyeji haiwekwi madini joto. Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini hayo miaka ya 1980, kisha katikati ya miaka ya 1990 ikalazimisha yawekwe kwenye chumvi yote ya kula. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2004 ulikuta rovu kwa watoto wa shule limeshuka hadi asilimia 7 hivi, kutoka asilimia 25 ya miaka ya 1980. Ni moja ya kazi nzuri ambazo nchi hii imefanya bila kupiga ngoma.

Ushindi huo umeleta kosa jipya. Watu wamehitimisha kwamba kila tatizo la tezi ni upungufu wa madini joto, kwa hiyo dawa ni kuongeza. Sasa mwani wa Zanzibar unasafirishwa kwenye chupa hadi huku mpakani, ukisifiwa kwamba unatibu thairoidi na kukata tumbo. Kwa wengi walio na tezi iliyolegea leo, hasa pale ambapo chumvi ya pakiti imeenea, kisa ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe, na wanawake ndio wanaoumwa zaidi ya wanaume mara nyingi. Kwao madini joto kupita kiasi yanaweza kuizidishia tezi ugonjwa. Mwani ni chakula kizuri. Kijiko kila siku kwa ushauri wa mtu asiyejua majibu ya damu yako ni kamari.

Kuna mchezo mbaya zaidi, wa kumeza vidonge vya homoni ya tezi bila kuugua, ili mwili uchome haraka. Marekani kila kidonge cha aina hiyo huuzwa kikiwa na onyo kali kabisa kwamba si cha kupunguza unene, kwa sababu dozi za kufanya hivyo zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo na hata kuua. Atakayekuuzia kwa bei ya mtaani hatakuja kukuuguza.

Sasa niwageukie na wenzangu tulio upande wa mgonjwa, maana nasi tuna uongo wetu. Tezi iliyolegea haiongezi kilo thelathini. Madaktari wa tezi wa Marekani wanakadiria kwamba kwa kawaida uzito unaoletwa na ugonjwa huu ni kati ya kilo mbili na kilo nne na nusu, na sehemu kubwa ni chumvi na maji, si mafuta. Aliyefika kilo 95 asiifanye tezi kichaka cha kujifichia. Kuna chapati humo, kuna soda, kuna kitimoto cha jioni.

Lakini rudini kwa yule mwanamke wa sentimita 150. Kwa kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, mpaka wake wa uzito wa kawaida ni kilo 56. Amezidi kilo nne. Uzito unaomfanya achekwe, afunge, anunue chai ya sena na kulala na njaa, unaweza wote kuwa ni kazi ya tezi isiyotibiwa. Kwa mwanamke mrefu kilo nne zinajificha. Kwake zinabadilisha saizi ya sketi. Ndiyo maana ushauri wa jumla wa kupunguza kula unamwangukia yeye kwa uzito kuliko mwingine yeyote, na ndiyo maana kumpima damu kabla ya kumpima tabia ni haki yake.

Kipimo chenyewe kinaitwa TSH, na huanza kwa damu kidogo ya mkononi. Kikionyesha tezi imelegea na daktari akaandika levothairoksini, kidonge hicho kina adabu zake ambazo wengi hawaelezwi wakakaa kimya wakidhani dawa haifanyi kazi. Kinamezwa tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa nzima kabla ya kifungua kinywa. Hakimezwi na chai ya maziwa. Hakimezwi na kahawa, hata kama ni ya Mbozi. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu visubiri hadi saa nne zipite. Mjamzito, au anayetarajia ujauzito, asikiache, maana mtoto tumboni anategemea homoni ya mama yake miezi ya mwanzo. Baada ya wiki sita hadi nane damu inapimwa tena, na dozi inarekebishwa.

Hapo ndipo sahani inapozungumzwa, tena kwa upole. Kwa mwili wa kalori 1,600, kupunguza 300 kunatosha: soda ya mchana na mafuta kijiko kimoja tayari ni 270. Ugali upungue, maharage na dagaa viongezeke ili misuli isiliwe na njaa. Atapungua kilo moja na ushee kwa mwezi, na mwezi mwingine hata hiyo isionekane. Ni mwendo wa kuudhi, najua, lakini hesabu ya mwili mdogo haina mwendo mwingine.

Ninawaomba watu wawili. Mganga wa zahanati: mwanamke akija na uchovu, baridi na kilo asizozielewa, usimwandikie mazoezi peke yake. Mwandikie TSH, hata kama itabidi apande basi hadi Mbeya. Na wewe wifi, mama mkwe au shoga wa saluni: subirini majibu yatoke. Hadi hapo, acheni sahani yake.