Mpiga kinanda, acha kurudi mwanzo kila ukikosea

Jumamosi alasiri, pita karibu na kanisa lenye kwaya pale Makongeni, Thika, au Kihunguro, Ruiru. Mara nyingi utasikia kijana akijifua kwa kinanda. Wimbo unaanza poa, unatiririka, halafu mahali fulani vidole vinagongana. Kimya kidogo. Anarudi mwanzo. Unatiririka tena, vinagongana tena, palepale. Kufikia saa kumi na moja jioni amerudi mwanzo hata mara ishirini. Jumapili asubuhi, mbele ya waumini, anakosea palepale. Kwaya inayumba na watu wanageuka kumtazama. Manze, hiyo ni noma.

Wahenga walisema kufanya kosa si kosa, kosa ni kulirudia. Wengi tunaisikia methali hii kama karipio kwa mtu mkaidi. Kwa mpiga kinanda, inaeleza jinsi mwili unavyojifunza. Vidole havijui noti ipi ni sahihi na ipi si sahihi, vinakumbuka tu kile ambacho vimefanya mara nyingi. Ukikosea mahali pamoja mara ishirini, umefanya mazoezi ya kosa, na sasa umelijua vizuri sana.

Kurudi mwanzo ndiko kunakotuponza. Ubeti wa kwanza, ambao tayari unaujua, unapata mazoezi mara ishirini. Pale pagumu panapata sekunde chache kila mara, tena kwa makosa. Saa mbili zinaisha, umechoka, na unajiona umefanya kazi.

Hili limepimwa. Mwaka 2009 watafiti Robert Duke, Amy Simmons na Carla Davis Cash walichapisha utafiti uliofanywa Marekani kwa wanafunzi 17 wa piano. Kila mmoja alipewa kipande kifupi cha mtunzi Shostakovich akifanyie mazoezi kwa muda aliotaka, kisha kesho yake akapimwa. Waliofanya vyema zaidi si waliokaa muda mrefu wala waliorudia mara nyingi. Wote walikosea mwanzoni, lakini walio bora walilishika kosa mara tu lilipotokea, wakatafuta hasa lilipo, wakapunguza kasi na kulirekebisha kabla ya kusonga mbele.

Tunalisema hili kwa sababu vijana wa huku kwetu hawana saa za kupoteza. Wengi wetu hatuna piano nyumbani. Kinanda ni cha kanisa au cha shule, na unakipata saa mbili kwa wiki, tena ukipishana na wenzako. Stima zikipotea, hizo saa mbili nazo zimeenda. Na kuna wanaolitegemea jambo hili: mwenye mtihani wa vitendo wa Muziki wa KCSE, anayejiandaa kwa gredi za ABRSM, anayetaka kusomea muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta, na yule anayepata nauli na kodi ya nyumba kwa kupiga harusi. Akikosea palepale wiki baada ya wiki, ataambiwa hana kipaji, na wengi huachia hapo. Mara nyingi kipaji kilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha namna ya kufanya mazoezi.

Sasa ufanyeje? Fundi wa matatu akiambiwa gurudumu la nyuma linapiga kelele, haanzi kwa kufungua injini. Anaenda kwa gurudumu. Nawe ukikosea, simama. Weka alama ya penseli hapo. Uliza: ni mkono gani, ni kidole gani? Mara nyingi utakuta shida iko kwenye safari ya kutoka noti moja kwenda nyingine, kwa mfano kidole gumba kilichochelewa kupita chini ya vingine.

Piga mkono mmoja peke yake, polepole kiasi kwamba huwezi kukosea hata ukitaka. Anza noti mbili kabla ya kosa, ishia noti mbili baada yake. Ukipatia mara tano mfululizo, unganisha mikono. Ukipatia tena, ongeza kasi kidogo, kisha panua kipande. Ukikosea, rudisha kasi chini bila kujilaumu. Ukikipata kinanda tena, anzia hapohapo kabla ya kitu kingine, maana kilichokaa leo kinaweza kuteleza kesho.

Huna kinanda katikati ya wiki? Meza inatosha kuzoesha vidole mpangilio. Ndani ya 237 ukitoka Nairobi jioni, pitia solfa kichwani. Jirekodi kwa simu pia, utasikia makosa ambayo huyasikii ukiwa unapiga.

Jambo moja la kutochanganya: siku ya ibada au ya mtihani, usisimame. Ukikosea, songa na wimbo. Kwa hivyo tenga dakika za mwisho za mazoezi upige wimbo mzima bila kusimama, hata ukikosea wapi. Kutengeneza na kutumbuiza ni kazi mbili, na zote zinahitaji mazoezi.

Na kile kitufe cha transpozi, tuambiane ukweli. Kinasaidia mwimbaji akitaka kupandishiwa sauti ghafla. Lakini ukikitumia ili usijifunze funguo nyingine, siku utakayoketi kwenye piano halisi isiyo na kitufe, utaumbuka.

Walimu wa kwaya, nasi tuna ombi kwenu. Kumwambia kijana “Rudia!” hakutoshi. Mwambie arudie wapi, na kwa nini. Nao wazee wa kanisa na walimu wakuu wa Thika na Ruiru, vile vinanda vinavyofungiwa Jumatatu hadi Ijumaa vingefaa kufunguliwa hata saa moja jioni, pakiwa na mtu wa kusimamia. Kule Korogocho, Nairobi, mradi wa Ghetto Classics ulianza mwaka 2008 katika uwanja wa kanisa la Kikatoliki la St John's, na umewapa watoto wengi wa mtaa huo nafasi ya kushika vyombo vya muziki ambavyo wazazi wao wasingeweza kununua. Mlango ukifunguliwa, watoto huja.

Wewe usingoje mlango huo. Jumamosi hii ukifika kwenye kinanda, usianze na ubeti wa kwanza. Huo unaujua. Anza pale vidole vinapogongana.